Riwaya za Maangamizi na Magonjwa ya Mlipuko: Palipotiwa Chumvi na Pasipotiwa

Januari 20, 2025, akiwa Ikulu ya Chamwino mkoani Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba vipimo vimethibitisha mgonjwa mmoja wa virusi vya Marburg, vya jamii moja na Ebola, katika Wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera. Kando yake alikuwapo Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus. Biharamulo iko mbali na Dodoma, na aliyethibitishwa alikuwa mmoja tu, lakini mazungumzo ya vijiwe vya kahawa na makundi ya simu yaligeuka kuwa mazungumzo ya mji unaokaribia kufutika: kwamba ugonjwa huu ukiingia mtaa unaufyeka wote, kwamba mgonjwa akikohoa ndani ya daladala abiria wote wamekwisha, kwamba barabara zitafungwa na kila mtu atabaki na alichonacho ndani. Lugha hiyo haikutoka katika taarifa ya Wizara ya Afya. Ilitoka katika riwaya na filamu za kutisha zinazosimulia dunia baada ya tauni, ambazo kwa vijana wengi ndizo zilizowafundisha kwa mara ya kwanza kwamba kuna kitu kinachoitwa ugonjwa wa mlipuko.

Riwaya hizo tunazijua. Mhusika mkuu anatoka mafichoni akakuta mji hauna watu. Magari yameachwa barabarani milango ikiwa wazi, redio inakoroma bila mtangazaji, na wachache waliosalia wanaogopana kuliko wanavyouogopa ugonjwa wenyewe. Kwa Kiingereza zimekuwa zikiandikwa tangu miaka ya 1820. Kwetu hufika kwa njia mbili. Ya kwanza ni simulizi za simu zinazotumwa sehemu kwa sehemu, ambapo sehemu ya 14 hukatika pale pale mlango unapogongwa na msomaji akaambiwa atume hela kidogo apate sehemu ya 15. Ya pili ni vibanda umiza, ambako filamu ya kigeni huonyeshwa huku mtafsiri akiongea juu ya sauti za waigizaji na kuongeza ya kwake, kiasi kwamba daktari wa kwenye filamu akieleza jambo la kitaalamu kwa dakika mbili, mtafsiri hulimaliza kwa maneno matatu: "Hapa hakuna dawa!" Sina ugomvi na burudani hiyo, na baadhi ya simulizi hizo zimeandikwa kwa ustadi mkubwa. Tatizo huanza pale taarifa ya kweli inapokuja na msikilizaji akaipokea kana kwamba ni sehemu ya 15.

Swali linaloulizwa basi ni halali: ugonjwa kama ule wa riwayani unawezekana? Jibu langu, nitakalolieleza hatua kwa hatua, ni kwamba ugonjwa wenyewe kwa sehemu kubwa ni chumvi, lakini yale yanayofuata baada ya ugonjwa, yaani njaa, kiu na kukatika kwa huduma, yanawezekana kabisa, na hapa Ugogo, yaani nchi ya Wagogo inayozunguka Dodoma, yaliwahi kutokea.

Maneno manne kwanza

Mlipuko ni hali ya ugonjwa kuwapata watu wengi kuliko ilivyozoeleka mahali fulani kwa wakati fulani. Kwa ugonjwa ambao kwa kawaida haupo kabisa, kama Marburg, mgonjwa mmoja aliyethibitishwa anatosha kuitwa mlipuko, kwa hiyo neno lenyewe halimaanishi kwamba maelfu wameshaanguka. Mlipuko unaoenea katika nchi nyingi na mabara huitwa janga la dunia, kama ilivyokuwa kwa UVIKO-19.

Siku za kujificha ni muda kati ya mtu kuambukizwa na dalili kujitokeza. Kwa Marburg ni kati ya siku 2 na 21. Kiwango cha vifo ni hesabu ya wanaokufa katika kila wagonjwa 100. Kasi ya kuenea ni wastani wa watu wanaoambukizwa na mgonjwa mmoja pale ambapo hakuna mwenye kinga na hakuna hatua yoyote iliyochukuliwa. Surua, ambayo wengi wetu huichukulia kuwa ugonjwa wa watoto tu, ina kasi ya 12 hadi 18. Ebola iliyozikumba Guinea, Liberia na Sierra Leone kuanzia mwaka 2014, ikaua watu zaidi ya 11,000, ilikuwa na kasi ya takriban 2.

Namba hizo zinatosha kuonyesha mkanganyiko mkubwa kuliko yote. Mtaani, "unaua sana" na "unaenea sana" husemwa kama jambo moja, na riwaya nazo huyafunga katika fundo moja. Katika magonjwa halisi ni mambo mawili, na mara nyingi moja humzuia mwenzake.

Basi na abiria wake

Kirusi hakina miguu. Husafiri ndani ya mtu kama abiria anavyosafiri ndani ya basi, na safari yake itaishia pale basi litakapoishia. Basi lililotoka Dodoma asubuhi kwenda Dar es Salaam likiharibika Gairo, abiria wake hawafiki Morogoro. Virusi vya Marburg ni abiria wa aina hiyo, wa kuliharibu basi mapema. Zaidi ya hapo, aliyeambukizwa haanzi kuambukiza wengine kabla ya dalili kuanza, maana yake ni kwamba basi halimshushi mtu yeyote njiani hadi linapoanza kuzimika. Wakati huo mgonjwa ameshalala kitandani ana homa kali, anatapika na kuharisha, na walio hatarini ni wanaomgusa: mama anayemwogesha, muuguzi asiye na glavu, ndugu wanaoosha maiti. Ugonjwa hupita kwenye damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mwili, na hauelei hewani kutoka kiti cha mbele hadi cha nyuma. Surua ndiyo inayofanya hivyo. Mtoto mwenye surua huanza kuambukiza siku nne hivi kabla ya vipele kutokea, akiwa bado anacheza na kwenda shule, kwa hiyo basi lake hushusha abiria kila kituo.

Hapa lazima nizuie kosa la upande wa pili, ambalo watu waliosoma kidogo hulipenda. Utasikia mtu akisema kwa kujiamini kwamba ugonjwa unaoua sana hauwezi kuenea kwa sababu unajimaliza wenyewe. Si kweli. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na ugonjwa huo usipotibiwa huua karibu kila anayeupata, lakini huchukua miaka kufika huko, na katika miaka hiyo mtu hufanya kazi, huoa, husafiri na hujisikia mzima. Ndui nayo iliua takriban wagonjwa watatu katika kila kumi na bado ilizunguka duniani kwa karne nyingi, hadi chanjo ilipoimaliza na dunia ikatangaziwa mwaka 1980 kwamba haipo tena. Swali la kuuliza, basi, siyo ugonjwa unaua kiasi gani. Ni lini mgonjwa anaanza kuambukiza: akiwa bado anatembea, au ameshalala?

Mwandishi wa riwaya ya kutisha hawezi kukubali mpangilio huo, kwa sababu anahitaji mji mtupu kufikia ukurasa wa 30. Kwa hiyo hutengeneza ugonjwa unaoenea kama surua, unaoua kama Marburg, unaojificha kama virusi vya UKIMWI, na ambao dalili zikianza mtu amekufa kabla ya jioni. Kila sifa kati ya hizo ipo katika ugonjwa fulani wa kweli. Kuzikuta zote pamoja ni jambo jingine, kwa sababu baadhi yake hukataana: ugonjwa unaomuua mtu kwa saa chache tangu aanze kuambukiza umejipunguzia saa za kuambukiza.

Kuna pia ule ukurasa maarufu ambapo mtaalamu anaingia akihema na kusema kwamba kirusi kimebadilika usiku na sasa kinapita hewani. Virusi hubadilika kweli, kila siku, na baadhi ya mabadiliko huongeza kasi ya kuenea, kama tulivyoona katika UVIKO-19. Lakini kuboresha njia iliyokuwapo ni tofauti na kuhamia njia nyingine kabisa. Virusi vya UKIMWI vimepita katika makumi ya mamilioni ya watu kwa zaidi ya miaka 40, vikibadilika ndani ya kila mmoja wao, na hadi leo vinaenea kwa njia zile zile za mwanzo.

Wangapi hufa, na kwa nini hesabu ya kwanza hupotosha

Sehemu hii ndiyo inayosumbua zaidi, na ndiyo ambayo vyombo vya habari huipita haraka. Taarifa za kitaalamu husema kwamba kiwango cha vifo vya Marburg kimekuwa kati ya asilimia 24 na 88 katika milipuko iliyopita. Msomaji huiacha 24 akaondoka na 88. Hata hivyo, pengo hilo kubwa lenyewe linapaswa kutushtua: inawezekanaje kirusi kile kile kiue robo ya wagonjwa mahali pamoja na karibu wote mahali pengine?

Tazama milipuko mitatu ya karibu. Bukoba, mwaka 2023, kulikuwa na wagonjwa 9 na walikufa 6. Rwanda, kati ya Septemba na Desemba 2024, walithibitishwa wagonjwa 66 na walikufa 15. Biharamulo, mwanzoni mwa mwaka 2025, walihesabiwa wagonjwa 10, wawili waliothibitishwa maabara na wanane waliodhaniwa kuwa nao, na wote 10 walikufa. Mtu akiziweka namba hizo kwenye karatasi atasema kirusi cha Biharamulo kilikuwa kikali mara nne kuliko cha Kigali. Huo ni usomaji mbaya wa hesabu. Tofauti hiyo ina sababu mbili.

Ya kwanza ni namna ya kuhesabu. Mlipuko huanza kabla ya kutambuliwa. Wataalamu wanapofika kijijini hurudi nyuma na kuuliza nani alikufa hivi karibuni kwa homa na kutokwa damu, na majina hupatikana, kwa sababu kifo hukumbukwa. Hakuna anayeuliza, na hakuna anayeweza kujibu kwa uhakika, ni nani aliumwa homa wiki sita zilizopita akapona na kurudi shambani. Kwa hiyo mwanzoni mwa mlipuko tunahesabu makaburi zaidi kuliko tunavyohesabu wagonjwa, na kiwango cha vifo lazima kionekane kikubwa. Hali hiyo iliikumba hata UVIKO-19 katika miezi yake ya kwanza.

Ya pili ni huduma. Wengi wa wagonjwa wa Rwanda walikuwa wahudumu wa afya, watu wa umri wa kufanya kazi, waliotambuliwa mapema na kulazwa mahali penye dripu, oksijeni, mashine na dawa za majaribio. Marburg haina dawa iliyoidhinishwa rasmi, lakini kukosekana kwa dawa ya kuua kirusi hakumaanishi kukosekana kwa tiba. Mgonjwa anayetapika na kuharisha hupoteza maji na chumvi hadi viungo vyake vinashindwa kufanya kazi. Akirudishiwa maji na chumvi hizo kwa wakati, mwili wake hupata siku za ziada za kupambana. Riwaya humkabidhi shujaa bunduki na mkoba wa vyakula vya kopo. Chupa ya dripu haipendezi kwenye jalada la kitabu, nakubali, ingawa ndiyo iliyowanusuru watu wengi Kigali.

Je, unaweza kutumaliza wote?

Swali hili liliwahi kujaribiwa, kwa sungura. Mwaka 1950 Australia ilieneza kwa makusudi kirusi cha miksomatosi ili kuangamiza sungura waliokuwa wakiharibu malisho. Mwanzoni kirusi hicho kiliua zaidi ya asilimia 99 ya waliokipata, kiwango ambacho hata mwandishi wa kutisha angesita kukiandika. Miaka michache baadaye aina dhaifu zaidi za kirusi zilikuwa zimetawala, kwa kuwa sungura aliyechelewa kufa aliambukiza wenzake kwa muda mrefu zaidi, na watoto wa sungura walionusurika walizaliwa na uwezo mkubwa zaidi wa kuhimili. Sungura bado wapo Australia, na bado ni kero.

Binadamu ana faida zaidi ya sungura: anaweza kukaa mbali, kunawa, kuchanja na kupashana habari. Tauni iliyopita Ulaya kati ya mwaka 1347 na 1351, wakati ambapo hakuna aliyejua habari za bakteria, iliua kati ya theluthi na nusu ya watu. Hilo ni janga ambalo akili inashindwa kulibeba, na bado nusu au zaidi walibaki. Ugonjwa ule ule ulionekana Lushoto, mkoani Tanga, kuanzia mwaka 1980 na kuendelea kwa zaidi ya miaka 20, nao hutibiwa kwa antibaotiki za kawaida mgonjwa akiwahi.

Kuhusu wafu wanaotembea na kuuma watu, nitakuwa mfupi. Kilicho karibu zaidi nao ni kichaa cha mbwa: hupita kwa kuumwa, huingia kwenye ubongo, hubadili tabia, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Lakini mgonjwa wa kichaa cha mbwa hafi akafufuka, na mtu karibu hamwambukizi mtu mwenzake. Mbwa ndiye mwambukizaji. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha awahi chanjo hospitalini siku hiyo hiyo bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje. Katika hadithi zote za wafu watembeao sijaona hata moja inayofundisha jambo hilo.

Ugonjwa wa ajabu wa Chemba

Dodoma haikuhitaji filamu ili kupata hadithi yake. Katikati ya mwaka 2016, watu katika vijiji vya wilaya za Chemba na Kondoa, na vya mkoa jirani wa Manyara, walianza kuumwa ugonjwa ambao haukutambulika kwa haraka. Macho yaligeuka manjano, tumbo lilijaa maji, walitapika na kuharisha. Kilichotisha zaidi ni kwamba uliwakamata watu wa nyumba moja karibu kwa wakati mmoja, kwanza mtoto, kisha mwingine, kisha mama, na hivyo ndivyo ugonjwa wa kuambukiza unavyotembea. Waliougua walikuwa 68, na walikufa 20.

Haukuwa wa kuambukiza. Chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu inayoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Ukimenya gunzi lenye kuvu hiyo utaona unga wa rangi ya kijani iliyofifia umejibana katikati ya punje, hasa pale mdudu alipotoboa. Lakini mahindi yakishakobolewa na kusagwa, unga hutoka mweupe kama mwingine na hakuna jicho linaloweza kuutofautisha. Moto wa kusongea ugali hauiondoi sumu hiyo. Watu wa nyumba moja waliumwa pamoja kwa sababu walikula sufuria moja, na hata wangefungiwa kila mmoja chumba chake, wasingepona kama wangeendelea kupelekewa ugali ule ule. Kama ningekuwa mhariri wa simulizi za kutisha, ningemshauri mwandishi aachane na maabara ya siri ya ughaibuni na aende akachungulie ghala la mahindi.

Miaka kumi kabla ya hapo, mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2006 zilileta homa ya Bonde la Ufa, na Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Mayai ya mbu wanaoeneza ugonjwa huo hukaa miaka mingi katika udongo mkavu wa mabonde, yakisubiri mafuriko ya kuyaangua. Ng'ombe na mbuzi walitupa mimba, kisha wafugaji na wachinjaji wakaanza kuugua, na nchini kote walikufa watu zaidi ya 100. Wengi waliikimbia nyama ya ng'ombe buchani, na watu waliwaogopa wagonjwa, ilhali homa hiyo haijathibitika popote kupita kutoka mtu hadi mtu. Hatari ilikuwa kwenye mbu, kwenye damu wakati wa kuchinja, na kwenye maziwa mabichi. Nyama iliyopikwa ikaiva haikuwa na tatizo.

Nusu ya pili ya riwaya

Nimesema mengi dhidi ya nusu ya kwanza ya riwaya hizi. Nusu ya pili, ile ambapo ugonjwa umeshapita na waliobaki wanahangaika kupata maji, chakula na mtu wa kumwamini, inastahili kusomwa kwa makini zaidi.

Sehemu kubwa ya maji ya Jiji la Dodoma hutoka kwenye visima virefu vya Mzakwe na kusukumwa kwa pampu za umeme. Kirusi hakihitaji kufika Mzakwe ili bomba la Nkuhungu likauke. Inatosha mafundi wa zamu waogope kutoka nyumbani, au lori la vipuri lizuiliwe njiani. Vivyo hivyo kwa mahindi ya Kibaigwa: soko linaweza kuwa na magunia hadi darini, lakini dereva asipokubali kuendesha, gunia lililo Kibaigwa ni sawa na gunia lililo mwezini. Afrika Magharibi walilijua hilo. Wakati wa Ebola, watu waliacha kwenda zahanati kwa hofu na wahudumu wengi walikufa au kukimbia, na makadirio yaliyofanywa baadaye yalionyesha kwamba vifo vya ziada vya malaria, UKIMWI na kifua kikuu, vilivyotokana tu na kukosekana kwa huduma, vilikaribia idadi ya waliouawa na Ebola yenyewe.

Ugogo ina mfano wake, mkubwa zaidi na wa zamani zaidi, na unaitwa Mtunya. Ni njaa ya kati ya mwaka 1917 na 1920. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipita hapa ikifuata Reli ya Kati. Jeshi la Wajerumani, kisha la Waingereza, yalichukua ng'ombe, yalichukua nafaka, na yaliwachukua wanaume wenye nguvu kwenda kubeba mizigo ya vita, wengi wao wasirudi. Mashamba yalibaki bila wa kuyalima. Kisha mvua zikakataa. Na mwishoni mwa mwaka 1918, katikati ya hali hiyo, ikaingia Tanganyika homa ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia nzima, ile inayokadiriwa kuua watu milioni 50. Wanahistoria hukadiria kwamba katika wilaya ya Dodoma, iliyokuwa na watu wapatao 150,000, walikufa 30,000 katika miaka ya Mtunya. Mtu mmoja katika kila watano: hakuna mlipuko wowote wa Marburg uliowahi kukaribia hapo.

Mafua yenyewe, popote yalipopita, yaliwaacha hai walio wengi kati ya waliougua. Lakini mgonjwa wa mafua anahitaji mtu wa kumletea maji na uji kwa siku kadhaa, na katika nyumba ambayo baba yuko kwenye msafara wa wapagazi, ghala ni tupu na mama naye amelala, siku hizo hazipiti. Anayetaka kujua maangamizi hutokeaje katika nchi hii atazame mpangilio huo: vita iliyokula akiba, ukame uliozuia akiba mpya, na ugonjwa wa kawaida uliokuja wakati hakuna wa kumhudumia mwenzake.

Jambo moja zaidi kuhusu nusu hiyo ya pili. Riwaya hupenda kuonyesha kwamba wema hufa kwanza na ukatili hubaki. Katika Marburg na Ebola ukweli una uchungu wa aina nyingine, kwa sababu wanaoambukizwa kwa wingi ni wale waliokataa kumwacha mgonjwa: dada aliyefua shuka, jirani aliyesaidia kumbeba, mzee aliyeosha maiti kwa heshima inayostahili. Ndiyo maana maagizo ya kutogusa maiti huwa magumu kwa jamii zetu kuliko maagizo mengine yote, na ndiyo maana wataalamu waliojifunza siku hizi hukaa kwanza na familia kukubaliana jinsi ya kuzika kwa usalama, na ndugu wakiwapo kwa umbali, badala ya kuja na gari na kuchukua mwili.

Mlipuko humalizikaje?

Riwayani ugonjwa huisha pale wa kufa wanapokwisha, au chupa moja ya chanjo inapopatikana ukurasa wa mwisho. Katika hali halisi huisha kwa orodha. Kila aliyemgusa mgonjwa huandikwa jina na kufuatiliwa kila siku kwa siku 21, anapimwa joto na kuulizwa anajisikiaje. Akiugua, anatengwa na kutibiwa mapema, na orodha mpya inaanza kwa waliomgusa yeye. Asipougua, siku ya 22 jina lake linafutwa. Biharamulo walifuatiliwa watu zaidi ya 200 kwa njia hiyo. Mgonjwa wa mwisho akishakufa na kuzikwa, au akishapona na vipimo vyake kuwa safi, huhesabiwa siku 42, yaani siku 21 mara mbili, ili kama kuna mtu mmoja aliyesahaulika kwenye orodha aweze kujitokeza. Hesabu hiyo ilipotimia bila mgonjwa mpya, Tanzania ilitangaza Machi 13, 2025 kwamba mlipuko umekwisha.

Hata baada ya tangazo, Shirika la Afya Duniani hushauri siku 90 za uangalizi wa karibu. Popo wala matunda wanaokihifadhi kirusi hiki bado wapo mapangoni mwao, na kwa waliopona, kirusi kinaweza kubaki katika baadhi ya sehemu za mwili, zikiwamo mbegu za kiume, muda mrefu baada ya damu kuwa safi. Mwanamume aliyepona hushauriwa kutumia kondomu hadi mbegu zake zipimwe mara mbili na kuonekana hazina kirusi, na kwa muda wote huo anaweza kula na watu, kwenda kazini na kukaa na watoto wake nyumbani.